Magharibi Inakaribia na Kuku Bado ni Jiwe



Leo tunawaandikia kutoka Mpanda, huku Katavi, mbali kabisa na bahari. Kwa kuwa tuko magharibi zaidi, jua letu linazama kama nusu saa baada ya lile la Unguja. Mtu angedhani nusu saa hiyo ni neema kwa mpishi wa futari. Wallahi haijawahi kututosha hata siku moja.

Sisi ni mawifi wawili wa nyumba moja na mafundi cherehani wa duka moja. Anayejua kazi hii anajua Ramadhani yetu ilivyo. Kuanzia kumi la kati kila mteja anataka gauni lake la Idi, na kila mmoja anasema lake ni dogo tu, halichukui muda. Tunafunga duka saa kumi na moja na nusu jioni, tunafika nyumbani tukiwa na nyuzi kwenye mitandio, tunafungua friza, na kuku yumo ndani mgumu kama jiwe la kusagia. Adhana ni saa moja na dakika chache.

Tunachotaka kusema leo kitawaudhi baadhi yenu, lakini tutakisema. Kuku mzima aliyeganda saa kumi na moja na nusu ni kuku wa kesho. Si wa leo. Ukimlazimisha awe wa leo, ndipo balaa linapoanza.

Tulijifunza kwa gharama. Ramadhani moja, miaka michache iliyopita, tulikuwa na wageni wa kufuturu katika kumi la mwisho. Kuku walikuwa wawili. Mmoja tulimtoa asubuhi kabla ya kwenda dukani tukamwacha kwenye beseni juu ya karo, amefunikwa vizuri na sinia, tukajiona tumepanga mambo. Wa pili tulimsahau. Tuliporudi, yule wa kwanza alikuwa amelainika, amepata uvuguvugu, na hakuwa na harufu yoyote. Yule wa pili tukamtumbukiza kwenye maji ya moto uani. Ngozi ikageuka nyeupe kama imechemshwa, ndani kifua bado barafu inakwaruza kisu. Tukawakata wote wawili kwenye ubao mmoja, tukawatia viungo, tukawakaanga kwa haraka, na ubao huohuo tukaufuta kwa kitambaa tukakatia matango ya kachumbari.

Wageni walisifu. Saa nane za usiku mama akaanza kutapika. Mama huyu ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwenzake, kwa hiyo hatukuwa na pa kujificha sote wawili. Kabla ya daku mtoto wa miaka minne akafuata, akiharisha maji matupu. Tulishinda hospitali, wote wawili wametundikiwa dripu. Daktari hakutuambia ni kuku, wala hatuna kipimo cha kuthibitisha. Lakini sisi tuliowapika tunajua tulichofanya.

Siku nne za kumi la mwisho zilimpita mama akiwa kitandani, yeye ambaye huzisubiri mwaka mzima. Hakutugombeza. Alisema tu, "Si mngeniambia kuku hajawa, wanangu? Ningefuturu tende na uji, kuku tukala kesho." Angetugombeza ingekuwa nafuu.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Tumehimizwa kuharakisha kufuturu, na sisi wanawake tumelibeba jambo hilo tukalitafsiri kuwa ni kuharakisha meza nzima. Kufuturu ni tende na maji. Tende haigandi. Kuku, pilau, sambusa na mchuzi vinaweza kuja baada ya swala, au baada ya Tarawehe, au kesho. Aibu ya kuandaa futari bila nyama inaisha siku hiyohiyo. Kumlaza mgeni wako kwa kuharisha, na amefunga, hiyo inakaa moyoni.

Sasa tueleze kwa nini nyama iliyoachwa nje ni hatari, maana wengi wetu tuliambiwa "usifanye" bila kuambiwa sababu. Friza haiui vijidudu vya nyama, inavilaza tu. Nyama inapoyeyuka, nje hutangulia. Wakati katikati bado ni barafu, ule upande wa nje umeshapata joto la chumba, na vijidudu vimeamka vinazaliana. Joto wanalolipenda wataalamu wanalitaja kuwa kati ya nyuzi 5 na 60. Katika hali nzuri kwao, baadhi ya vijidudu huongezeka mara mbili kila baada ya kama dakika 20. Piga hesabu kama tunavyopiga ya kitambaa: kimoja baada ya saa moja ni 8, baada ya saa mbili ni 64, baada ya saa nne ni zaidi ya 4,000. Kuku wetu wa kwanza alikaa kwenye karo tangu saa mbili asubuhi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama, linakataza kuyeyusha chakula kilichoganda kwa kukiacha kwenye joto la chumba. Nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, isizidi saa moja. Anayeijua Mpanda ya mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, anajua jiko lenye bati linapita hapo bila shida. Kuianika juani ili iwahi, kama tulivyoona baadhi ya watu wakifanya, hiyo hatuna maneno nayo.

Kuna jibu ambalo kila mtu analo: "Si itachemka? Moto unaua kila kitu." Moto mzuri unaua vijidudu vingi, ni kweli. Lakini viko ambavyo vikishazaliana huacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haivunjwi na kuchemsha. Unakuwa umekiua kijidudu ukabakisha kazi yake. Na pua haisaidii. Nyama inaweza kuwa haina harufu kabisa na ikalaza nyumba nzima. Ndimu na siki vilevile: vinatia ladha, vinaondoa shombo, wala havigeuzi nyama iliyoharibika kuwa nzima.

Basi mtu afanye nini, saa kumi na moja na nusu?

Maji baridi. Tunajua wengi hamuamini, kwa sababu akili inasema barafu inataka moto. Maji hupitisha joto kuliko hewa kwa zaidi ya mara 20, ndiyo maana nyama iliyozama kwenye maji baridi huyeyuka upesi kuliko iliyokaa juu ya meza, na wakati huohuo ngozi yake haipati joto la kuamsha vijidudu. Nyama iwe ndani ya mfuko usiovuja, umefungwa barabara na hewa imetolewa, kisha izamishwe yote. Ikielea, iwekee sahani juu. Maji yabadilishwe kila baada ya nusu saa. Maji ya ndoo huku kwetu mchana si baridi ya kweli, kwa hiyo sisi huwa tunatumbukiza na chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa.

Kifurushi cha nusu kilo kinachukua saa moja au pungufu. Kuku mzima wa kilo moja na nusu anataka saa mbili hadi tatu. Hesabu mwenyewe pamoja na muda wa kumpika, utaona kwa nini tumesema ni wa kesho. Na nyama iliyoyeyushwa kwa maji ipikwe hapohapo, isirudishwe friza ikiwa mbichi.

Kwa nini mfuko? Kwa sababu nyama ikiwa tupu ndani ya maji inalowa, inapoteza ladha, na maji yale yanakuwa na vijidudu vyake yakirukia karo, bomba na vyombo. Maji ambayo hayakugusa nyama unaweza kumwagilia bustani. Mfuko ukivuja, mwaga na usafishe beseni kwa sabuni.

Njia ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi na haina ujuzi wowote: pika ikiwa imeganda. Ndiyo, inaruhusiwa. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande, kama unaweza kuvitenganisha, iingie kwenye sufuria na maji kidogo, tangawizi, thomu na chumvi, funika, iache ichemke. Itachukua nusu tena ya muda wa kawaida: ya dakika 40 itakuwa ya saa nzima. Vipande vya kuku ni hivyohivyo, kwa kuchemsha au kwa mchuzi. Hakikisha mnofu wa karibu na mfupa hauna uwekundu na maji yake yanatoka meupe. Lakini usikaange kuku aliyeganda kwenye mafuta ya moto. Barafu na mafuta vikikutana vinarusha, utaungua uso, na bado nje atakuwa mweusi na ndani mbichi.

Aliye na maikrowevu atumie, kwa sharti la kupika papo hapo, kwa sababu ile mashine huivisha pembe za nyama huku katikati ikiacha barafu. Huku kwetu wenye nayo ni wachache, tusiongeze.

Kuna swali la dini ambalo dada mmoja alituuliza tukiwa tunampima gauni, na tunadhani wengi mnalo: yale maji mekundu yanayochuruzika nyama ikiyeyuka, ni damu? Ni najisi? Sehemu kubwa ni maji ya nyama yenyewe yaliyochanganyika na kitu chekundu cha ndani ya misuli. Damu iliyoharamishwa ni ile inayotiririka wakati wa kuchinja, na wanazuoni wamesamehe inayobaki ndani ya nyama baada ya kuchinja kisheria. Kwa hiyo huna haja ya kuimwagia nyama maji ya moto ili "kuitoharisha". Ila kumbuka, maji hayohayo ndiyo yanayobeba vijidudu, kwa hiyo yasidondokee tende wala matunda. Na tukumbuke kwamba Qur'ani inapozungumzia chakula haikuishia kwenye halali, imetaja pia twayyib, kilicho kizuri na safi. Sisi tunauliza sana nani kachinja. Mbona hatuulizi imelala wapi tangu kuchinjwa?

Tukija kwa mabibi harusi, hapa tuna lawama kidogo na tunaomba mtuvumilie. Huku bara bibi harusi anafanyiwa kicheni pati, huko visiwani mna somo wenu. Sote tunafundwa: namna ya kuoga, kujifukiza udi, kumpokea mume, kumheshimu mkwe, kupika pilau isishikane. Kisha siku ya zawadi linaingia friji, au friza ile ya kulala, limefungwa utepe mkubwa, watu wanapiga vigelegele. Nani anamfundisha binti kulitumia? Hakuna. Anapelekwa nyumbani kwake na friza lake, anajaza nyama ya mwezi ndani ya makopo matupu ya aiskrimu, na mwezi wa kwanza wa ndoa anapambana na donge la kilo mbili kwa nyundo na kisu. Tunaowashonea magauni tumeshamwona bibi harusi wa wiki tatu na bandeji mkononi, na alipotueleza sababu hatukucheka, maana sisi wenyewe tuna alama.

Nusu saa tu ya somo ingetosha. Siri ya kuyeyusha haraka haiko siku ya kuyeyusha, iko siku ya kugandisha. Donge nene linachelewa kwa sababu baridi yake iko mbali katikati. Kifurushi chembamba hakina katikati. Kwa hiyo nyama ikija kutoka buchani, ikatwe siku hiyohiyo, igawanywe kwa mlo mmoja mmoja, nusu kilo au robo tatu kulingana na nyumba, itiwe kwenye mifuko ya kufungia chakula na kusukumwa kwa kiganja mpaka iwe bapa kama daftari. Ilazwe mpaka igande, kisha isimamishwe kama vitabu. Nyama ya kusaga ya sambusa iliyowekwa hivyo inayeyuka kwenye maji baridi kwa kama nusu saa. Mifuko myepesi ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku huku bara tangu Juni 2019, na huko Zanzibar mlitutangulia, kwa hiyo tafuta ile mizito ya chakula, hiyo inauzwa. Kuku naye akatwe vipande kabla ya kugandishwa. Hatujui nani alitufundisha kumhifadhi mzima na miguu yake, anachukua nafasi na anatusumbua.

Na kwa Ramadhani, gandisha sambusa zikiwa tayari zimejazwa nyama iliyoiva na kupoa. Hizo zinaingia kwenye mafuta ya moto wa wastani moja kwa moja, chache chache, bila kusubiri chochote. Tunafanya kazi hiyo mwishoni mwa Shaaban, jioni mbili tu, na inatulisha wiki mbili.

Kwa mwenye friji, saa ya kutoa nyama ni daku. Hamisha kifurushi kutoka friza kwenda kwenye rafu ya chini kabisa ya friji, ndani ya bakuli lenye kina ili lisichuruzikie vingine. Kutoka daku hadi jioni ni zaidi ya saa 12, na kifurushi bapa kitakuwa kimelainika. Kuku mzima wa kilo mbili anataka kama siku nzima. Nyama iliyoyeyukia ndani ya friji ina faida moja zaidi: ukibadili mawazo, ukaalikwa kwingine, unaweza kuirudisha.

Umeme nao. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa ikiendeshwa na majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na kila mwenye friza hapa ana historia ya nyama iliyoyeyuka bila kuombwa. Usifungue friza umeme ukikatika. Likiwa limejaa na halifunguliwi, linaweza kushikilia baridi kama saa 48, likiwa nusu ni saa 24. Kama husafiri nalo, utajuaje kilichotokea ulipokuwa Sumbawanga au Tabora? Gandisha kikombe cha maji, juu yake weka sarafu ya shilingi 200, kiache humo. Ukirudi ukakuta sarafu imezama hadi chini na barafu imefungika juu yake, jua kwamba nyama iliyeyuka ikaganda tena nyuma yako. Itupe. Inauma, tunajua bei ya kilo. Lakini kikombe na sarafu vinasema kweli kuliko jirani.

Tuguse na Idi ya kuchinja, kisha tuwaache. Nyama ya udhia inafika nyumbani ikiwa bado ina joto la mnyama, na sisi tunairundika yote kwenye friza kwa mkupuo. Rundo lile katikati linachukua muda mrefu sana kupoa. Itandazwe kwanza kwa vifurushi, kidogo kidogo. Tena tungeshauri mgao wa majirani na maskini utoke mapema asubuhi, kabla friza halijafunguliwa, maana tumeona friza kubwa zinavyofanya mikono kuwa mizito. Mtu anasema atagawa kesho, na kesho donge limeshashikana.

Mama alipona, alhamdulillah, na mtoto anasoma darasa la pili sasa. Lakini mama hakusahau. Kila daku, akishamaliza uji wake, kabla ya kunuia, anagonga kikombe mezani na kutuangalia mmoja baada ya mwingine. "Mawifi, mmetoa nyama?" Siku tukisema hapana, anaitika tu, "Haya, leo maharage," na anakwenda kutawadha.